Chambo cha Kapteni

Chambo cha kapteni, samaki bandia mdogo wa kuchongwa kwa mti, kilinasa kwenye kisiki chini ya maji, na Fadhul akaacha kuvuta uzi.

Nyuma yake, pale ufukweni, kapteni alikuwa amekalia kreti ya bia, bunduki mapajani. Kando ya kreti kaka yake Fadhul alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa nyuma. Sharti lilikuwa moja: sangara mkubwa kwa fimbo ya kuvulia ya kapteni, kabla ya alasiri. La sivyo kaka angerudishwa kambini Koboko, na waliorudishwa huko hawakuonekana tena.

"Vuta!" kapteni alifoka. "Wewe iko mvuvi gani? Mimi wiki mbili natupa hii kitu bure, na wewe pia bure?"

"Nikivuta, afande, kitazama zaidi."

Mikono yake iliyozoea nyavu ilitaka kuvuta. Lakini asubuhi nzima alikuwa ameona jinsi kibati kilichopachikwa kidevuni mwa chambo kilivyokizamisha kila kilipovutwa. Kikiachwa, huelea chenyewe. Akalegeza uzi.

"Mwache, afande," kaka alisema kwa sauti kavu. "Huyu hata mbuzi hamvuti."

Chambo kikaibuka polepole, tumbo jekundu juu. Fadhul hakukigusa. Viduara vya maji vikapanuka, vikafa.

Maji yakapasuka. Fimbo ikapinda mpaka kwenye ngumi zake.

"Lete!" Kapteni alikuja mbio, akicheka kama mtoto. "Hiyo yangu! Lete hapa!"

Akainyosha mikono yote miwili.

Fadhul akampa fimbo, kisha akaitazama bunduki iliyoachwa juu ya kreti.