Msichana wa Kupimia Taa

Kila Nkirote alipomwogesha bikizee wake katika nyumba ya wazee alikofanya kazi ng'ambo, pale Anoka, alionyeshwa picha ileile: nyota wa Hollywood yuko kivulini anakula zabibu, na msichana mwingine amesimama badala yake, wapiga filamu wakipima taa.

"Yule mimi. Miaka kumi na moja nilipikwa na taa ili yeye asitoke jasho."

Nkirote alimhurumia kweli.

Kisha mpiga picha wa gazeti akaja kumpiga picha bikizee. Bikizee akajivuta kando na bakuli la zabibu.

"Atakaa huyu mpaka taa zikae sawa," akasema, akimwonyesha Nkirote kiti.

Ikapita nusu saa. Jasho likamwingia Nkirote machoni, akainua mkono.

"Usijifute," akafoka bikizee, akitema mbegu. "Mimi nani aliniruhusu?"