Kandambili za Mama

Asubuhi ile Bupe alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa la gesi, analitikisa huku anamwomba Mungu. Pipa lilikuwa tupu. Siku hizi mkaa haupo, kuni hakuna, na kuomba moto kwa jirani ni kosa la kukupeleka ndani. Kila nyumba inapikia plastiki zake yenyewe, hizi zinazooza: unazitia pipani, saa moja tu zimeshakuwa gesi. Bupe alikuwa ameshatia ndoo, sahani, mpaka kitana.

Mdogo wake Ambwene, wa miezi saba, alikuwa analilia uji tangu alfajiri.

Mama Lusajo, jirani yao, akachungulia dirishani. "We Bupe! Mtoto analia kama king'ora, umeziba masikio?"

"Gesi imeisha, mama."

"Na hizo kandambili hapo mlangoni zinamngoja nani?"

Bupe akazitazama. Zilikuwa za mama yake, waliyemzika mwezi uliopita, na alama za vidole vyake vya miguu zilikuwa bado zinaonekana. Baba, siku anarudi kazini Mpanda, alisema neno moja tu: "Hizo nizikute."

Ambwene akalia mpaka sauti ikamkauka. Bupe akazikumbatia kandambili, akatia moja, kisha ya pili. Baada ya saa moja moto ukawaka mdogo, wa buluu, ukatosha uji tu, ukazimika. Mtoto akanywa, akalala.

Bupe akashika simu, akaandika: "Baba, nisamehe. Kandambili nimezitia pipani. Ambwene ameshiba."

Baba aliusoma ujumbe palepale. Mpaka jua linazama, alikuwa hajajibu.