Mshiriki wa Tisa

Kati ya mabango yote yaliyobandikwa ukumbini siku ile ya maonyesho ya utafiti, la Kiherehere, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ndilo pekee lililopewa mlinzi. Kaka mkuu alisimama mbele yake amepanua mikono kama golikipa, wageni wasije wakasoma sentensi ya katikati.

Kichwa cha bango kilikuwa cha heshima kabisa: "Nani Anamlinda Anayeulizwa?" Chini yake, Kiherehere alieleza jinsi alivyowauliza watu wa shule wanachokiogopa, na jinsi alivyoficha majina yao. Vyura. Supu ya Alhamisi. Kufeli. Kisha ikaja sentensi yenyewe:

"Mshiriki wa Tisa: Mtihani mkubwa niliufaulu kwa kuiba majibu. Mpaka leo nikisikia kengele ya mtihani, tumbo linanikata."

"Nani huyu?" aliuliza mwalimu mkuu, miwani ikimteleza puani.

"Mshiriki wa Tisa, Mwalimu."

"Hana jina?"

"Analo. Zuri tu."

Wanafunzi waliangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka. Shule yake ilisifika kwa matokeo safi, na wageni walikuwa wameshaanza kunong'onezana.

"Karatasi za mahojiano ziko wapi?"

"Nimezichoma, kama tulivyofundishwa klabuni."

"Na jina?"

Kiherehere aligonga paji la uso wake. "Limo humu. Humu nilishindwa kuchoma." Kisha, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu: "Mwenye kuniruhusu nilitaje ni mshiriki mwenyewe, Mwalimu. Si mimi, wala, uniwie radhi, si wewe."



"Mpaka chai ya saa nne iishe," alisema mwalimu mkuu. "Ama jina, ama sanduku lako langoni. Mtihani utaufanya mwakani, ukipata shule ya kukupokea."

Hapo Kiherehere alihesabu siku. Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki ijayo, na mama yake alikuwa ameshamshonea gauni la mahafali, tena la kitambaa cha bei mbaya.

Deskimeti wake, waliyekaa naye dawati moja, alimvuta pembeni. "Wee! Taja mtu yeyote! Mtaje yule mvivu anayelala chini ya dirisha, mimi nitaapa nawe."

"Mimi mkorofi, shoga yangu, siyo mwongo. Usichanganye fani za watu."

Ukorofi wake ulijulikana hata kwa wapishi. Ndiye aliyesogeza mbele mishale ya saa ya ofisi ya walimu, wakaenda nyumbani jua likiwa utosini. Ndiye aliyemlaza chura ndani ya boksi la chaki. Kwa hayo yote alisugua masufuria ya jikoni mpaka akajiona uso, chini ya macho ya mwalimu wa nidhamu, mlezi wa Klabu ya Maadili ya Utafiti, ambaye shule nzima ilimwita Nyundo.

Ni Nyundo huyohuyo aliyejitokeza sasa.

"Niachie mimi, Mkuu. Huyu namjua."

Alimwingiza maabara, akafunga mlango. Humo mlikuwa na harufu ya gesi, masinki yaliyopauka, na mifupa ya plastiki iliyokosa kidole kimoja. Nyundo aliangalia nafasi ya kidole, akamwangalia Kiherehere.

"Hicho siyo mimi," alisema Kiherehere haraka.

Nyundo hakuonekana kusikia. Alikaa juu ya stuli, akajifuta chaki vidoleni, ingawa vilikuwa vimeshatakata.

"Hujamwambia mtu?"

"Sijamwambia."

"Hata deskimeti wako? Hata mama?"

"Mama angetangaza sokoni, Mwalimu."

"Na sanduku?"

"Nililifunga jana usiku, nilipomaliza bango. Gauni nimeliweka juu, lisikunjike."

Mwalimu alikohoa. "Hakuna mtu unayemchukia kiasi cha kumtaja tu, yaishe?"

"Ninaowachukia ni wengi. Foleni ndefu, na wewe uko mbele kabisa." Kiherehere alinyoosha sketi yake, akasimama wima kama askari wa gwaride. "Lakini hilo ni jambo lingine. Niliahidi. Nifukuzeni."

Nje, vikombe vya chai vilianza kukusanywa. Nyundo alikaa akiutazama mlango, kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa ndani. Hatimaye aliinuka, akaufungua mwenyewe, akarudi ukumbini. Kiherehere alimfuata nyuma, kidevu juu.

"Amesema?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Bado," alisema Nyundo. "Alikuwa anasubiri ruhusa ya mshiriki."

Alivua beji yake ya mlezi, akaiweka mezani.

"Nampa sasa hivi."