Nakala ya Ta Kahangwa

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, mwavuli ukimchuruzika maji, akauliza mkubwa wa ofisi ni nani.

Derick alitangulia kuona viatu vyake. Vilijaa tope la safari. Mtu anayefika ofisi ya ushirika wa kahawa Muleba na viatu vya namna hiyo, tena bila gunia, huleta habari ya aina moja tu. Moyo wa Derick ukaruka kwa furaha, naye akauonea aibu.

Ofisi ile haikufungwa kwa lolote ila msiba. Meneja, Ma Gaudiosa, alisema wakulima wakisimama mlangoni na kahawa, mfumo hauzimwi. Lakini kanzidata yenye jina la kila mkulima na uzito wa kahawa yake ilitaka izimwe ndipo inakiliwe vizuri. Makao makuu waliwashauri wachukue nakala za mtandaoni, huku makarani wakiendelea kuandika. Derick alizijaribu. Mtandao ulikatika katikati kila mara, na nakala zikatoka vipande.

Kwa hiyo alinakili kwenye misiba. Wenzake wakienda kuzika, yeye alizima mfumo, akachomeka diski ya pembeni, akakaa nayo hadi jioni. Nakala alizipa majina ya marehemu, Ta kwa baba na Ma kwa mama. Nakala ya Ta Protase. Nakala ya Ma Edvina. Tangu msimu uanze hakuna aliyefariki, na sasa mashine iliyobeba kanzidata ilikuwa inagonga kama mtu aliyefungiwa ndani, dalili kwamba iko karibu kufa.

"Kahawa ya watu ikipotea humo," Ma Gaudiosa alimwambia, "na wewe utapotea."

Aliyemwelewa ni mmoja tu, Ta Kahangwa wa Kashozi, mlinzi wao aliyestaafu. Jumapili Derick alimpigia simu akamweleza yote.

"Nipe wiki hii," mzee alisema. "Siku yako utaipata."

"Utazungumza na Ma Gaudiosa?"

"Yule haongeleshwi. Niachie mimi."

Sasa mgeni alimnong'oneza Ma Gaudiosa. Mama akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Fungeni. Ta Kahangwa ametutoka. Anazikwa leo."

Makarani walishika vichwa. Derick hakushika chochote.

"Alilala tu," mgeni alisema, akiutazama mwavuli wake. "Aliacha neno. Yule kijana wa kompyuta asisumbuliwe, abaki na kazi yake." Kisha akauliza kwa upole, "Hiyo kazi huchukua muda gani?"

"Hadi jioni."

"Afadhali. Kashozi ni mbali."

Nje lori la kahawa liliwashwa. Walipakia kuni na mikungu ya ndizi. Ma Gaudiosa alichungulia dirishani. "Derick, ulikuwa unalilia siku. Hiyo hapo."

Derick alizima mfumo. Akachomeka diski. Akaanza kuandika jina la nakala, akafika kwenye "Ta", vidole vikakataa.

Siku mzee alipoagwa kazini, walikaa wawili mlangoni wakitafuna akamwani, zile buni kavu anazokaribishiwa mgeni. "Wenzangu wote umewakosa kwa ajili ya hiyo mashine," mzee alimwambia. "Mimi usinikose. Njoo unirushie kiganja kimoja cha udongo." Derick alisema atakuja. Ni neno dogo, watu husema kila siku.

Mashine iligonga. Nakala haikuweza kuachwa peke yake, maana umeme wa pale ulikuwa na tabia zake. Na kesho ofisi ingefunguliwa.

Derick alichukua koti, akalikimbilia lori.

Mgeni alipomwona akipanda, alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Lakini mzee alisema ubaki."

"Nilimwahidi."

Mgeni aliutazama mwavuli wake hadi Bukoba.

Walipokuwa wanaupita mji, ujumbe uliingia kutoka kwa Najibu, mlinzi wa zamu. *Umeme umekatika ukarudi. Mashine yako haijarudi.* Derick aliusoma mara mbili, akatia simu mfukoni, akashikilia mkungu uliokuwa karibu kuanguka.

Kashozi hapakuwa na turubai wala moto uani. Makarani hawakulitazama hilo. Walikwisha kuanza kulia tangu barabarani. Waliingia kwa mstari katikati ya migomba, Ma Gaudiosa mbele, Derick nyuma na mkungu begani, hadi mbele ya nyumba. Hapo kilio kikakatika.

Ta Kahangwa alikuwa ameketi barazani, ndani ya suti aliyovaa alipoagwa kazini, akitafuna akamwani. Hakumtazama Ma Gaudiosa, wala kuni, wala ndizi. Alimtazama Derick kwa muda mrefu.

"Wewe," alisema, "mashine umemwachia nani?"