Mkitaka Kumwona, Skanini Hapa

Hii mtasema imetiwa chumvi, na hakuna atakayewalaumu, maana hata waliokuwepo wanaisimulia huku wamejishika kichwa. Lakini ilitokea, mchana kweupe, watu wazima wakiangalia.

Mtaimbo ulitua kwenye kifuniko cha jeneza kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Mbao zikalia kama mfupa unaovunjika. Kina mama wa viti vya mbele wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Aliyeshika mtaimbo alikuwa mume wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono kama magogo, macho mekundu tangu juzi.

"Fungueni," alisema. "Nataka kumwona mke wangu."

"Shemeji, si tulishaongea?" Mjomba, kaka wa marehemu, alijisogeza katikati, viganja juu. "Uso umeharibika. Anayetaka kumwona, pale ukutani kuna..."

Hakumaliza. Ngumi ilimkuta mdomoni, meno yakadunda sakafuni kama punje za mahindi.

Pale ukutani kulikuwa na bango, kazi ya mikono ya binti wa marehemu, mtoto wake wa pekee. Alikuwa amelifikiria kweli. Kile kimraba cha QR alikichapisha kikubwa, ili hata mwenye macho mabovu asihangaike. Alikibandika karibu na mlango, si kwenye jeneza, watu wasije wakasukumana na simu juu ya marehemu. Chini yake akaandika: "Mkitaka kumwona mama, skanini hapa. Tafadhali zimeni sauti."

Ukiskani unakuta picha za mama akicheka. Unakuta video ya ibada, moja kwa moja, kwa ndugu walio mbali. Unakuta mahali pa kuandika rambirambi, na kila mtu anasoma za mwenzake. Halafu mwisho kabisa, baada ya onyo kwa wenye roho nyepesi, picha moja: mama amelala, jicho limevimba kama embe bovu, mdomo umepasuka, pamba puani. Picha hiyo binti aliipiga mwenyewe. Aliirudia na kuirudia mpaka mwanga ukakaa sawa.

Watu waliskani, wakarudi vitini. Hakuna aliyeomba jeneza lifunguliwe. Kila mtu alijua ni mkono wa nani uliomfanya mama vile. Miaka yote mwanamume yule alikuwa akitangaza hata mbele za wageni: "Huyu hatoki mkononi mwangu mpaka afe." Na kila mama alipokimbia, alimfuata na kumrudisha kwa nywele.

Sasa binti alijitupa juu ya jeneza, kifua chini, mikono imekumbatia mbao. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: hili halifunguliwi. Likifunguliwa, kila kitu kimekwisha.

"Toka hapo, we mtoto."

"Sitoki, baba."

"Nitakupiga na wewe."

"Kwani leo ndiyo utaanza?"

Mtaimbo ukashuka kwenye vidole vyake. Alivisikia vikivunjika kabla hajasikia maumivu. Mjomba, damu inamchuruzika kidevuni, alimrukia shemeji yake mgongoni. Alikung'utwa kama vumbi, akaenda kuangukia viti, na viti vikamwangukia yeye. Hakuna mwingine aliyesogea. Ncha ya mtaimbo ikapenya chini ya kifuniko, msumari ukaanza kupanda, unalia kwii.

"Baba," binti alisema, shavu bado liko juu ya mbao. Sauti ilimtoka ya upole mpaka mwenyewe akashangaa. "Unaogopa kuskani?"

Msumari ukanyamaza.

"Wenzako wote wameangalia. Hata yule bibi jirani mwenye presha ameangalia. Wewe mwenye kazi yako ndiyo unashindwa kuitazama?"

Nyuma kabisa mtu akaguna. Mwanamume akageuka kumtafuta, hakumpata. Akabaki amesimama, anahema kama ng'ombe aliyepanda mlima. Kiburi kikamtuma. Akaukokota mtaimbo mpaka ukutani, akatoa simu, akaskani.

Alipitisha picha za kucheka haraka haraka. Kwenye ile ya mwisho akasimama. Akaivuta kwa vidole ikakua: jicho, mdomo, pamba. Mabega yake yakashuka taratibu, na wapo waliodhani sasa atalia.

Akatabasamu.

"Kweli amekufa," alisema, kama mtu aliyerudi kuhakikisha kwamba mlango ameufunga. Akaachia mtaimbo, akamruka mjomba pale chini, akatoka nje.

Binti aliteleza mpaka sakafuni. Mkono mbovu ameuficha kifuani, mzima unatafuta simu ili azime ile video. Watu walianza kuinua viti. Mjomba alimkonyeza kwa jicho moja, mdomo wote damu, na binti karibu acheke.

Ndipo akaona rambirambi mpya imeingia, juu kabisa ya zote.

"Mwanangu, nimeona kila kitu kwenye video. Vidole vikoje? Mpeleke mjomba wako hospitali. Mimi huku nimefika salama, chumba nimepata. Yazikeni hayo matofali upesi, mnifuate. Mama."

Binti akainua macho dirishani. Baba yake alikuwa hajafika mbali. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, simu mkononi, anazisoma rambirambi za watu moja moja huku akicheka peke yake. Halafu kidole chake kikasimama.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje?