Alama ya Penseli Ukutani

Alama ya penseli ilimfika kifuani. Kwa mara ya tatu asubuhi ile mke alisimama kando yake, akanyoosha mkono juu, kisha akaitazama tena kule chini ilikokuwa.

Fundi seremala waliyemwita, watu walimpa jina la Milimita, na hakulipata bure. Hakuwa mtu wa kukisia. Kila anayetengenezewa kabati alimweka ukutani, akamwambia anyooshe mkono bila kujikakamua, akatia alama pale vidole vilipoishia. Bomba la kutundikia nguo lingekaa hapo, wala lisingepanda hata unywele. "Kabati ni kama kiatu," alipenda kusema. "Huwezi kulipima kwa mguu wa jirani."

Basi huyu aliyepimwa hapa, vidole vyake vikaishia kifuani mwa mtu mzima, angekuwa nani kama si mtoto?

Habari ya kabati ilianza ghafla. "Kile chumba cha pili nataka kiwe chumba cha nguo zako," mumewe alisema wakiwa mezani. "Kabati la kuingia ndani, kama la mabibi wakubwa." Chumba kile zamani walikiita cha mtoto. Miaka ikapita, mtoto hakuja, wakaacha kukiita chochote. Siku ile mke alifurahi, akamtania mumewe kwamba afadhali rafu ziwe fupi, maana bwana mwenyewe tangu siku ya harusi hajamzidi kimo hata kidole. Mume hakucheka. Sasa mke alijiona mjinga kwa furaha ile.

Maana haikuwa alama peke yake. Fundi alikuwa amechora kabati zima kwa chaki, sakafuni na ukutani, na kila mstari ulisema jambo lile lile. Rafu zote zilikuwa chini, huko juu patupu. Droo zilianzia magotini. Kioo kilishuka karibu na sakafu. Katikati iliachwa nafasi ya duara, kubwa, ya kutosha mtoto kumwaga midoli yake yote. Kizingiti cha mlango kilishang'olewa, asije mtu akajikwaa.

"Dalili ya mvua ni mawingu," dada yake alimwambia kwenye simu. "Mwanamume akianza kunong'ona bafuni, ujue kuna jambo. Ana mtoto nje huyo. Mama yake amechoka kulea, sasa unaletewa wewe."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisiposema mimi atasema nani?"

Na kweli, mume alikuwa akinong'ona na simu bafuni. Ilianza wiki aliyokwenda hospitali kumchukulia mkewe majibu ya vipimo. Alirudi akasema si kitu, ni uchovu tu, apumzike. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa hapumziki. Alikula bila kushiba, akaamka na macho mekundu. Juzi alimshika mkewe mkono. "Nipe siku chache," alisema. "Kuna jambo nitakuambia." Mwenye hatia hana raha, mke aliwaza, akauvuta mkono wake.

Alikwenda dirishani kufungua pazia. Ndala ya kushoto ikamvuka njiani. Aliirudia akinung'unika; ndala mpya kabisa, na ya kulia haina neno, lakini hii ya kushoto siku hizi ilikuwa haikai mguuni.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa yule mwanamke. Alikuwa ameshaanza kumkadiria mtoto umri. Kwa kimo kile, ndiyo kwanza anaanza chekechea. Labda anajua kujifunga vifungo mwenyewe. Miaka yote ile yeye akimeza dawa chungu na tamu, kumbe mtoto yupo, ana mkono wa kunyoosha ukutani. Alimchukia. Kisha akajikuta anawaza kama mtoto huyo anaogopa giza, na machozi yakamtoka kwa hasira.

"Hodi humu ndani!"

Alijifuta uso kwa kitambaa. "Karibu, fundi."

Milimita aliingia, penseli sikioni, futi mkononi. Alimsalimu, akauliza bwana kama yupo, akaambiwa ametoka. "Haidhuru. Nataka upana wa mlango tu, nikakate fremu." Akapiga goti, akaanza kupima, akapima tena palepale.

Mke alimtazama hadi akashindwa kuvumilia.

"Fundi, nitakuuliza, na usinifiche. Huyo mtoto uliyempima hapa, anafanana na nani?"

Fundi aligeuka. "Mtoto gani, mama?"

"Huyu." Aliweka kidole juu ya alama.

"Ah, hapo!" Milimita alitabasamu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Hapo nilimpima bwana mwenyewe. Alisema ninyi wawili kimo chenu ni kimoja, hakuna haja ya kukusumbua. Akavuta kiti cha jikoni, akakikalia, akanyoosha mkono. Mimi nilimwambia kiti cha jikoni si kipimo, tungoje hicho chako cha magurudumu kifike. Akasema urefu wa kukalia ni ule ule, nipime tu." Aliirudisha futi mlangoni, akainamisha kichwa. "Pole sana lakini, mama."

Mke alirudi nyuma hatua moja. Ndala ya kushoto ikabaki pale pale, chini ya alama.