Msomaji wa Nje ya Ua

Gogo lilikuwa limelazwa langoni, na Oteng alisimama mbele yake kwa mara ya tatu wiki hiyo, mfuko wa maktaba begani, jasho likimtiririka kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

Nyumba kumi na moja za mtaa huo alikuwa amezimaliza mbio mbio tangu asubuhi. Kila aliyejifungua alipewa kitabu, mtoto akasomewa kurasa mbili tatu, mama akatia sahihi. Ni kazi ya raha, na kwa kawaida Oteng si mtu wa haraka. Lakini kesho gari la maktaba lingeondoka naye kwenda vijiji vya mbali kwa miezi miwili, na nyumba hii ya kumi na mbili ilikuwa imemnyima usingizi. Mtoto huyu lazima asomewe leo. Mkuu wake alimwambia aachane nayo, nyumba moja si hoja. Nusura wagombane.

Mma Sethunya, bibi wa mtoto, alitoka akijipangusa unga mikononi.

"Kijana wa vitabu, umerudi tena? Gogo hulioni, au macho yote umeyamalizia kwenye kusoma?"

"Naliona, Mma."

"Basi unajua. Mzazi yuko ndani. Haingii mgeni na miguu yake yenye joto la barabarani. Hata baba wa mtoto haingii mpaka miezi mitatu itimie."

Oteng akauliza kama mtoto ananyonya vizuri, kama analala, kama homa ya mama imeshuka. Bibi akamkodolea macho, akasema kumbe siku hizi maktaba imegeuka zahanati.

"Ana wiki sita tu," akaongeza. "Ajue nini cha vitabu?"

"Sauti, Mma. Akiizoea mapema, baadaye haiogopi."

Mma Sethunya akamwonyesha kwa kidevu upande wa dirisha.

"Soma ukiwa huko huko nje ya ua. Sauti haina miguu."

Kilikuwa kitabu cha kurasa nane, habari za ndama aliyegoma kutoka zizini. Alianza kwa pupa hata akaruka ukurasa, ikabidi arudi nyuma. Ndani mtoto alikuwa akilia kwa nguvu. Kufikia ukurasa wa tatu akatulia, na pazia likatikisika. Oteng alisoma mpaka mwisho, akaanza upya bila kuombwa.

Mma Sethunya alikipokea kitabu juu ya gogo, akatia sahihi. Alimtazama kijana akiukunja na kuukunjua mfuko wake, miguu imekataa kuondoka.

"Nenda kazini kwako kwa amani," alimwambia, sauti imelegea. "Ukirudi gogo litakuwa limeondolewa, uje umbebe. Ana masikio yako."